Molekuli trilioni moja sio dawa trilioni moja

Kuna namba inazunguka sana siku hizi kwa watu wanaofuatilia habari za utafiti wa dawa, trilioni moja. HitGen, kampuni ya kule Chengdu, China, inasema maktaba zake za kemikali zenye lebo za DNA, yaani mikusanyiko ya molekuli ambazo kila moja imebandikwa kipande cha DNA cha kuitambulisha, zimeshavuka molekuli trilioni moja, na ukiichanganya habari hiyo na stori za AI zinazopostiwa kila kukicha unapata tafsiri ambayo nimeshakutana nayo kwa maneno tofauti tofauti: kwamba dawa ya kila ugonjwa imeshatengenezwa tayari, imo ndani ya kichupa huko China au Marekani, kilichobaki ni kompyuta kuiona tu, na sisi huku kazi yetu ni kusubiri mzigo ufike bandarini. Mimi naona hapo watu wameishika namba wakaiacha teknolojia yenyewe. Na sio kosa dogo, maana tukiielewa vibaya hii kitu tutaweka hela na vijana wetu sehemu ambayo sio, au tutajiondoa kabisa kwenye kazi ambayo tunaiweza.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha ajue anabisha nini. Kwenye hizi maktaba ukubwa ndo jambo la mwisho kabisa la kushangilia. Jambo kubwa ni kwamba zimeshusha sana gharama ya kuuliza swali moja la msingi kwenye utafiti wa dawa, kwamba kati ya kemikali zote hizi ni ipi inashika protini hii? Zamani kuliuliza hilo swali mara moja tu ilikuwa bajeti ya kampuni kubwa, leo unaliuliza mara kadhaa ndani ya wiki, kila mara kwa sharti tofauti, na protini unayotumia ni kidogo kiasi kwamba ukiikausha ni kama vumbi. Sasa swali likishakuwa rahisi kuuliza, ugumu wote unahamia pembeni yake, yaani kujua uulize kuhusu protini gani, na ukishapata jibu ufanye nalo nini. Na hizo sehemu mbili ndo huwa hazitangazwi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 Sydney Brenner na Richard Lerner, wakiwa taasisi ya Scripps kule California, walichapisha makala fupi yenye wazo tu. Brenner ni mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, huyo huyo aliyekuja kupata Nobel mwaka 2002 kwa utafiti wa kale kaminyoo kadogo kanakoitwa C. elegans. Wazo lao lilikuwa hivi: unapojenga molekuli kwa kuunganisha vipande, kila ukiongeza kipande cha kemikali ongeza na kipande kifupi cha DNA ambacho mfuatano wake unakitaja kile kipande. Ukimaliza, molekuli yako inakuwa na mkia wa DNA, na ukiusoma mkia unajua molekuli imejengwaje. Ni kama mzigo unaosafirishwa kwa basi, kila kituo unabandikwa stika, anayeupokea akizisoma stika anajua umepita wapi na wapi bila hata kuufungua.

Namba kubwa zinatokea hivi. Chukua vichupa 1,000, kila kimoja weka kipande chake cha kemikali na kipande chake cha DNA. Vikishaungana mwaga vyote kwenye chombo kimoja, changanya, kisha gawa upya kwenye vichupa 1,000, ongeza kipande cha pili na DNA yake, changanya, gawa tena, ongeza cha tatu. Umepita mizunguko 3 na umetumia vipande 3,000, lakini ulichonacho ni 1,000 mara 1,000 mara 1,000, yaani molekuli bilioni 1 za aina tofauti, zote zimo kwenye tone moja la maji. Linganisha na njia ya kawaida ambayo kampuni kubwa wameitumia miaka mingi, kuweka kemikali milioni moja au mbili kila moja kwenye kishimo chake, sahani moja ina vishimo 1,536, roboti zinahamisha matone usiku na mchana, na stoo inayotunza hizo kemikali peke yake ni jengo zima.

Wazo la 1992 halikuleta mabadiliko siku hiyo hiyo kwa sababu ya jambo moja la kawaida kabisa, kusoma DNA kulikuwa ghali. Kundi la Dario Neri kule ETH Zurich, chuo cha Uswisi, lilitoa namna yake mwaka 2004, David Liu wa Harvard alikuwa anaunganisha kemikali kwa kuiachia DNA yenyewe ielekeze kipi kikutane na kipi, pale Copenhagen kulikuwa na kampuni ya Nuevolution. Mwaka 2007 GSK, kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, wakainunua Praecis, kampuni ya Massachusetts, na mwaka 2009 watafiti wake wakaonyesha maktaba mbili, moja ya molekuli milioni 7 na nyingine ya milioni 800, na wakatoa humo molekuli zinazozuia vimeng'enya halisi, yaani protini zinazoendesha kazi za kemikali ndani ya seli. Kipindi hicho mashine mpya za kusoma DNA zilikuwa zimeshaingia sokoni na bei inaporomoka. Hapo ndo mambo yakachangamka, X-Chem ikaja, HitGen ikaja, na mwaka 2019 kampuni ya dawa ya Amgen wakainunua Nuevolution. Kwahiyo mtu akisema teknolojia hii ina miaka zaidi ya 30 yuko sahihi kwa kalenda, lakini ukihesabu kama kitu kinachofanya kazi kwa mapana umri wake ni kama nusu ya hapo.

Sasa tuitazame kazi inavyofanyika mezani, maana hapo ndo utaona kwa nini nasema nguvu iko kwenye maswali. Unachukua protini unayotaka kuizuia, unaishikisha kwenye vishanga vidogo sana vya sumaku. Unamimina maktaba juu yake, unaacha izunguke taratibu muda wa kama saa moja. Unaweka sumaku ubavuni mwa kichupa, vishanga vinakimbilia ukutani na protini yake pamoja na molekuli chache zilizoing'ang'ania, maji yenye mabilioni ya zile zisizoshika unayamwaga. Unaosha, unaosha tena. Kisha unapasha moto, protini inaharibika umbo na kuachia ilichoshika, unakichukua, unarudia mzunguko mara mbili au tatu na protini mpya. Mwishoni unapeleka mikia ya DNA kwenye PCR inayozidisha nakala za DNA, ile ile PCR ambayo kila mtu aliijua wakati wa Covid, kisha kwenye mashine ya kusoma, na unapata orodha, mkia huu umeonekana mara nyingi, huu mara chache, huu haupo kabisa. Mtu makini hafanyi kichupa kimoja. Anaweka cha pili chenye vishanga bila protini, ili ajue molekuli zipi zinashika sumaku tu. Anaweka cha tatu chenye protini iliyozibwa tayari na dawa inayojulikana, ili ajue zipi zinakaa sehemu ile ile na zipi zimepata sehemu nyingine. Hivyo vichupa vya pembeni ndo vinabeba akili yote ya jaribio.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni wa TB. Isoniazid iko kwenye matibabu ya kifua kikuu tangu 1952 na mpaka leo ni mhimili wa dawa za mwanzo. Lakini isoniazid ikiingia mwilini haina makali mpaka kimeng'enya cha bakteria mwenyewe kinachoitwa KatG kiibadilishe, ikishabadilishwa ndo inaenda kukizuia kimeng'enya kingine, InhA, ambacho bakteria anakihitaji kujenga ukuta wake. Bakteria wengi sugu wameiharibu KatG yao tu, kwahiyo isoniazid inaingia inakaa bure, wakati InhA iko pale pale haina shida yoyote. Ukipata molekuli inayoizuia InhA moja kwa moja bila kupitia KatG umewarudisha wale sugu kwenye foleni ya kutibika. Mwaka 2014 watafiti wa GSK walitoa molekuli za namna hiyo kutoka kwenye maktaba zenye lebo za DNA, na zikaua bakteria wa TB maabara. Mwaka 2016 likaja kundi lingine likitumia maktaba za X-Chem, na hawa walifanya kitu ambacho kilinifurahisha sana nilipokisoma. InhA inafanya kazi ikiwa imeshikana na msaidizi wake, ambaye anakuwa na sura mbili, NADH na NAD+. Wakaweka vichupa tofauti kwa kila hali, na wakapata molekuli zinazoipenda InhA ikiwa na sura moja na sio nyingine. Kwa njia ya roboti na vishimo, kuongeza sharti moja maana yake ni kurudia zoezi zima upya na gharama zake. Hapa ni kuongeza kichupa.

Ukilibeba hilo kichwani, hoja ya ukubwa inaanza kupungua uzito yenyewe. Nawaelewa wanaoitetea, na wana hoja. Wanasema ukitafuta kitu adimu tafuta sehemu yenye vitu vingi, na kuna protini ambazo zile stoo za molekuli milioni moja mbili hazikutoa kitu, maktaba hizi zikatoa. Ni kweli, na protini ya RIPK1, nitakayoitaja mbele, ni mfano mmoja ambapo molekuli ya maktaba ilikuwa na usafi wa kulenga ambao ni nadra kuupata. Kutoka milioni kwenda bilioni kuna faida inayoonekana. Ila kutoka bilioni kwenda trilioni hesabu inakataa, na sio hesabu ngumu. Tuseme kwenye jaribio moja unatumia nanomoli 1 ya maktaba, hiyo ni molekuli kama trilioni 600. Maktaba ikiwa na aina bilioni 1, kila aina ina nakala kama 600,000 mle ndani. Ikiwa na aina trilioni 1, kila aina inabaki na nakala kama 600. Zioshe mara kadhaa, irudie mizunguko, kisha uiambie mashine inayosoma mikia mamilioni kadhaa ikuambie ipi imeshika kweli na ipi imebaki kwa bahati. Ndo maana hata hizo trilioni zenyewe ni jumla ya maktaba nyingi, hamna anayezimimina zote kichupa kimoja akategemea jibu la kueleweka.

Halafu kuna jambo ambalo wakemia wanalijua na matangazo hayalisemi. Kemia ya kuunganisha vipande haifaulu asilimia 100. Chukua kila hatua inafaulu asilimia 70, ambayo watu wengi wanaikubali kama nzuri, baada ya hatua 3 umebaki na 0.7 mara 0.7 mara 0.7, yaani kama asilimia 34 tu ya mikia inayosema ukweli mtupu. Iliyobaki, mkia unasema vipande vitatu lakini molekuli ina viwili, au kimoja, au kitu kingine kilichojitengeneza njiani. DNA imeandika tulichokusudia kufanya, haikuandika kilichotokea. Kwahiyo ukiona mkia fulani umerudi mara nyingi lazima uitengeneze ile molekuli upya bila DNA, uipime, na mara nyingine unakuta iliyoshika ni kile kipande kisichokamilika. Hiyo kazi ya kutengeneza upya inafanywa na mkemia kwa mikono yake, na hamna maktaba kubwa inayoifuta.

Na ile DNA nayo ina masharti yake. Asidi kali inaivunja, joto kali la muda mrefu hapana, mimenyuko mingi ya kemikali inayotaka mazingira yasiyo na maji inakuwa shida, kwahiyo maktaba nyingi zinajengwa na aina chache za muungano zinazovumilika, na unaweza kuwa na bilioni kadhaa ambazo zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Ukiunganisha vipande vitatu vinne molekuli inakuwa nene, inapita uzito wa 500 ambao watengeneza vidonge wanaupenda ili dawa ipite utumbo. Protini ambazo kazi yake ni kushika DNA zinausumbua mfumo mzima, zinaushika mkia badala ya molekuli. Watafiti wa chuo kikuu cha Leiden kule Uholanzi mwaka 2025 walionyesha njia ya kuacha lebo kabisa na kuzitambua molekuli kwa kuzipima uzito zenyewe na vipande vyake, na wakaijaribu kwa FEN1, kimeng'enya cha kukata DNA, yaani aina ile ile ya protini ambayo lebo zinaisumbua. Na la mwisho ambalo watu wanalisahau kila siku, kushika sio kuzuia. Jaribio linakuambia molekuli imening'inia kwenye protini, halikuambii protini imeacha kufanya kazi.

Tuje kwenye AI, maana hapa ndo mjadala wenye maana upo na sitaki kuupita juu juu. Hoja ni kwamba jaribio moja la maktaba linatoa data nyingi kuliko kitu chochote kingine kwenye kemia ya dawa, mamilioni ya molekuli na majibu yake, na kompyuta inapenda data. Kwahiyo ifundishe, kisha iambie ikuchagulie kutoka kwenye katalogi za kawaida za kununua, nje kabisa ya maktaba. Mwaka 2020 watu wa Google na X-Chem walichapisha zoezi la hivyo kwa protini tatu, wakanunua na kupima molekuli takriban 2,000 zilizochaguliwa na kompyuta, na kiwango cha zilizofanya kazi kilikuwa kikubwa kweli kuliko kuokota bila mwongozo. Hiyo ni hatua na ninaiheshimu, kwa sababu inaitoa thamani ya jaribio nje ya kichupa, molekuli unayopata ni nyepesi na unaweza kuinunua kesho.

Lakini mwaka 2024 Leash Bio, kampuni ya Utah, iliweka wazi mtandaoni data ya molekuli kama milioni 133 zilizopimwa kwa protini tatu, wakafanya mashindano, dunia nzima ikajaribu. Kwa molekuli zilizojengwa na vipande ambavyo kompyuta imeshaviona, mifumo ilifanya vizuri. Zilipoletwa zenye vipande vipya na mifupa tofauti, alama zikaporomoka vibaya. Yaani kompyuta ilikuwa imekariri vipande, haikuwa imeelewa kwa nini kitu kinashika. Mimi hili silichukulii kama kushindwa kwa AI moja kwa moja, nalichukulia kama maelekezo: data zaidi ya aina ile ile haisaidii kama kemia ndani yake haitofautiani, na molekuli trilioni zinazotokana na vipande vile vile zinaifundisha kompyuta kitu kile kile mara trilioni. Wanaosema AI imeshaondoa hitaji la maabara wamechagua hoja dhaifu kuliko zote, maana kila kinachoifanya AI iwe na maana hapa kimetoka kwa mtu aliyesimama mezani akiosha vishanga, akaweka na kile kichupa kisicho na protini.

Kuna na upande wa pili unaokosoa kwa ukali, unasema miaka yote hiyo, mabilioni yote hayo, molekuli zilizofika kwa binadamu zinahesabika, dawa iko wapi? Mfano wanaoupenda ni GSK2982772, inayozuia RIPK1, protini inayochochea uvimbe na vifo vya seli. Ilianzia kwenye molekuli iliyotoka kwenye maktaba, ikaboreshwa kidogo tu, ikaingia majaribio ya awamu ya pili kwa wagonjwa wa psoriasis (ugonjwa wa ngozi), baridi yabisi na vidonda vya utumbo mpana, na haikuleta nafuu waliyoitegemea. Sasa hapo nani alikosea? Molekuli iliifikia protini, iliizuia. Kilichokosekana ni kwamba kuizuia RIPK1 kwa wagonjwa wale hakukugeuza ugonjwa, na hilo ni swali la biolojia lililoulizwa kabla maktaba haijafunguliwa. Kuilaumu maktaba kwa hilo ni kukwepa lawama yenyewe inapotakiwa kukaa. Kinyume chake angalia kazi ya chuo cha tiba cha Baylor, Houston, iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 2024. Wao walianza na protini inayoitwa STK33, ambayo ilishajulikana kwamba mwanaume akizaliwa na hitilafu kwenye jeni yake hawezi kutungisha mimba na vinginevyo ni mzima. Wakachuja mabilioni, wakaboresha, wakafika kwenye CDD-2807, wakawapa panya dume, uzazi ukasimama, walipoacha kuwapa ukarudi. Bado ni panya na safari ya mpaka vidonge vya mwanaume ni ndefu, lakini ona mpangilio wa kazi, swali la biolojia lilikuwa limejibiwa vizuri na miili ya watu kabla kichupa hakijaguswa.

Na sisi? Nimeona hoja mbili zinazopingana na zote zinanisumbua. Moja inasema nchi zetu zijenge maktaba zao za mabilioni ili tusiachwe. Nyingine inasema hii sio saizi yetu, tubaki kwenye majaribio ya dawa zilizotengenezwa na wengine. Ya kwanza ni kununua jengo wakati unahitaji chumba, maktaba za kutumia zipo tayari na wenye nazo wanatafuta maswali ya kuzipeleka, WuXi AppTec kwa mfano wamekuwa wakitoa vifurushi vya maktaba bure kwa watafiti wa vyuo, unaletewa vichupa, unafanya jaribio mwenyewe kwenye maabara yako, unarudisha DNA ikasomwe. Ya pili haina mashiko kabisa, maana sehemu ngumu iliyobaki, ile ya kujua protini gani na kwa hali gani, inahitaji watu wanaoishi na ugonjwa wenyewe.

Malaria inatufundisha hapa kuliko yote, na inafundisha pande zote mbili. Vimelea vyenye usugu wa sehemu kwa artemisinin, mhimili wa dawa za malaria za sasa, vimeripotiwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na Kagera kwetu vinaonekana vyenye badiliko la jeni la R561H lile lile lililoonekana Rwanda. Novemba 2025 kampuni ya Novartis na MMV, shirika la kutafuta dawa za malaria, walitangaza matokeo mazuri ya awamu ya tatu ya dawa mpya, ganaplacide pamoja na lumefantrine, iliyopimwa katika nchi 12 za Afrika. Ganaplacide haikutoka kwenye lebo za DNA. Ilitoka kwenye kuchuja kemikali zaidi ya milioni 2 dhidi ya kimelea mzima aliye hai, yaani kumwagia dawa na kuona anakufa au hafi, na hata ilipofika kwa wagonjwa wanasayansi walikuwa bado hawajakubaliana inagusa protini ipi ya kimelea. Maktaba zenye lebo haziwezi kazi hiyo, mkia wa DNA ni mkubwa na mzito, hauingii kirahisi ndani ya seli, sembuse ndani ya kimelea aliye ndani ya seli nyekundu. Zinataka protini safi, peke yake, kwenye kichupa. Kwahiyo anayesema maktaba hizi ndo jibu la malaria anaongea haraka mno. Lakini kila mwaka zinaongezeka protini za kimelea ambazo imethibitika ukizizuia anakufa, kimeng'enya PI4K ni moja, na ndo iliyolengwa na MMV390048, molekuli iliyoongozwa na kituo cha utafiti wa dawa cha H3D cha Kelly Chibale pale Cape Town mpaka ikafika kwa binadamu. Kwa protini za namna hiyo kichupa cha vishanga ni chombo halali kabisa, na kuongeza kichupa chenye toleo la protini lenye badiliko la usugu ni suala la siku, sio la miaka.

Kinachotuzuia sio maktaba. Ni kwamba maabara zenye uwezo wa kutengeneza protini safi, inayofanya kazi, kwa kiwango kinachorudiwa bila kubadilika, ni chache mno ukanda huu. Tunao watu wazuri wa jenetiki, tunao wa kliniki, kwenye taasisi za utafiti za Ifakara, Kilifi, NIMR, Moshi, na baada ya Covid mashine za kusoma DNA zimeongezeka. Ila mtu wa kukuza protini ndani ya bakteria, kuisafisha, kupima kama bado iko hai, kuigandisha kwenye friza la nyuzi hasi 80 ambalo umeme ukikatika usiku jenereta inawaka, huyo tunamkosa. Na mkemia wa kutengeneza molekuli upya bila DNA tunamkosa zaidi, wanafunzi wengi wa kemia wanamaliza shahada wakiwa wamechambua dondoo za mimea tu, hawajawahi kujenga molekuli kwa hatua tano. Hela ya mradi ikija ningependa iende kwa hao wawili kwanza, kabla ya seva za AI na kabla ya maktaba yoyote. Maabara moja yenye watu watano wa aina hiyo inaweza kuchukua protini za TB sugu za wagonjwa wetu, ikazipitisha kwenye maktaba ya mtu mwingine, na ikabaki na kazi ya kufanya baada ya orodha kurudi.

Hapo kwenye orodha kurudi kuna jambo ambalo ofisi za vyuo zinazoshughulikia mikataba zinatakiwa kulishika mapema. Kwa kawaida mwenye maktaba hakupi sura ya molekuli papo hapo, unapewa alama za siri na takwimu, sura yenyewe inafunguliwa kwa malipo au kwa leseni, na ndo biashara yao ilivyo, sio wizi. Lakini anayepeleka protini iliyotoka kwenye bakteria wa wagonjwa wa Mwanza au Kisumu ana haki ya kujua kabla ya kufungua kile kichupa kwamba sura itafunguliwa kwa bei gani, ngapi atapewa, nani ana ruhusa ya kuiboresha, na nani atakuwa na sauti ya bei ikija kuwa kidonge. Hayo yaandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, kwa namba. Yasipoandikwa, mtafiti atakuwa amefanya sehemu ngumu yote na kubaki na karatasi ya alama za siri ambazo hakuna mkemia duniani anayeweza kuzitengeneza.